Peremende Yenye Jina la Ulaghai

Jumamosi jioni, tarehe 30 Oktoba 1858, William Hardaker alipanga bidhaa zake kwenye kibanda chake katika soko la Greenmarket, katikati ya mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Jumamosi ndiyo siku wachuuzi walipovuna. Wafanyakazi wa viwanda vya sufu walikuwa na ujira wa juma mfukoni, na kifurushi cha pipi ni zawadi ambayo hata mtu wa kipato cha chini angeweza kuwapelekea watoto. Wakia mbili za peremende ya mnanaa, yaani kama gramu 57, ziliuzwa kwa peni moja na nusu.

Mjini walimwita Humbug Billy. Billy ni kifupi cha William. Humbug ni peremende. Lakini kwa Kiingereza neno hilohilo lina maana nyingine, tena ndiyo iliyotangulia: hadaa, ulaghai, maneno matamu ya kumzuga mtu. Aliyelisikia jina hilo bila kumjua mwenyewe angeweza kudhani anaambiwa habari za Billy Tapeli. Hardaker hakuwa tapeli kuliko wenzake wa soko lile, na hilo ndilo linaloifanya habari ya usiku ule iwe ya kutisha.

Neno lilizuka Uingereza katikati ya karne ya 18, kama misemo ya mjini inavyozuka, bila baba wala mama. Mwaka 1751 jarida la The Student, lililoandikiwa wasomi wa Oxford na Cambridge, lilikuwa tayari limechoka nalo: likawakejeli watu wa fasheni kwa kulitumia kila dakika ilhali halina hata kivuli cha maana. Baadaye wajuzi wa kubuni asili za maneno walijitokeza. Wako waliosema limetokana na Hamburg, mji wa Ujerumani ambako, eti, habari za uongo za vita zilikuwa zikitengenezwa na kusafirishwa hadi Uingereza. Hadithi nzuri, haina ushahidi. Inafaa kuongeza kwamba kudanganywa kuhusu asili ya neno lenye maana ya kudanganya ni jambo ambalo neno lenyewe lingelifurahia.

Kufikia miaka ya 1820 jina lilikuwa limeshashuka kutoka kumbi za wasomi hadi kwenye sinia la muuza pipi. Lilishika zaidi kaskazini. Mwandishi Elizabeth Gaskell, alipotoa riwaya yake Sylvia's Lovers mwaka 1863, alilazimika kuwafafanulia wasomaji kwamba huko kaskazini humbug ni mabonge ya tofi yaliyokolezwa mnanaa. Humbug tunayoiona leo katika maduka ya Uingereza ni pipi ngumu yenye milia. Sukari huchemshwa hadi ikaribie kukauka, humwagwa mezani, na sehemu yake huvutwa na kukunjwa, ikavutwa tena na kukunjwa tena, mpaka hewa inayoingia ndani iigeuze kuwa nyeupe kama lulu. Vipande vya rangi mbili hubandikwa pamoja na kunyooshwa kuwa kamba ndefu. Fundi huikata kamba hiyo kwa mkasi huku akiizungusha robo mzunguko kila anapokata, ndiyo maana kila pipi hutoka na pembe zilizopishana kama mto mdogo wa kulalia uliopindwa. Milia hiyo imempa jina hata samaki: yule mdogo mweupe mwenye mistari mitatu myeusi, anayejificha katika matawi ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, kwa wazamiaji wanaozungumza Kiingereza ni humbug.

Maana ya zamani haikufa kwa sababu ya pipi. Ilinenepa. Tarehe 19 Desemba 1843 Charles Dickens alichapisha A Christmas Carol, na mzee bahili Scrooge akalifanya neno hilo kuwa silaha yake dhidi ya sikukuu. Wasomaji wengi wa leo hudhani mzee yule anasema "upuuzi". Anasema jambo zito zaidi. Machoni pake furaha ya Krismasi ni hadaa, na wanaoishangilia ama wanadanganya ama wamedanganywa.

Huko Boston, Marekani, neno lilikaribia kuua fani nzima ya tiba. Mapema mwaka 1845 daktari wa meno Horace Wells alijaribu kung'oa jino mbele ya wanafunzi wa udaktari akitumia gesi ya kuondoa maumivu. Mgonjwa akapiga kelele, na wanafunzi nao wakamzomea Wells kwa neno hilohilo. Alitoka mle ameaibika. Tarehe 16 Oktoba 1846, mwenzake wa zamani William Morton alimvutisha mgonjwa etha katika hospitali kuu ya Massachusetts, na mpasuaji John Collins Warren akaondoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kujitupatupa. Warren alipogeuka kuwakabili watazamaji, aliona sifa kubwa ya kuitoa ni kukanusha: aliwahakikishia mabwana wale kwamba walichokiona si humbug.

Aliyelitukuza neno hasa ni P. T. Barnum. Mwaka 1835 alimtembeza mbele ya watazamaji bibi kizee Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Joice Heth, akitangaza kwamba ana umri wa miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Bibi alipofariki mwaka uliofuata, Barnum alikodi ukumbi na kutoza senti 50 kwa kila aliyetaka kushuhudia mwili wake ukipasuliwa. Daktari akasema mama huyu hakuzidi miaka 80. Barnum hakuona haya. Alijiita mwenyewe mwana wa mfalme wa humbug, na mwaka 1865 akaandika kitabu kizima kuhusu hadaa za dunia, akitenganisha tapeli na mwenye humbug. Tapeli, kwa maoni yake, anachukua pesa na kukuacha mikono mitupu. Mwenye humbug anakuvuta kwa mbwembwe na chumvi, lakini ukishaingia unapata burudani ya thamani ya pesa yako, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Joice Heth hakuulizwa.

Nimeitaja falsafa ya Barnum kwa sababu watengeneza peremende wa Uingereza walikuwa nayo kabla yake, bila kuiandikia kitabu.

Falsafa yao ilianzia kwenye bei. Sukari ilitozwa ushuru na serikali ya Uingereza kwa vizazi. Sehemu ya sukari hiyo ilitoka visiwa vya Karibi, na sehemu ilitoka Mauritius, ambako mashamba ya miwa yalianza kwa jasho la watumwa, wakiwemo waliouzwa kutoka Kilwa na Msumbiji. Ilipofika Bradford mwaka 1858, ratili moja ya sukari iliuzwa peni sita na nusu. Ratili ya jasi iliyosagwa, unga ule mweupe wa mafundi wa plasta, ilikuwa nusu peni. Tofauti ni mara kumi na tatu. Fundi peremende aliyetaka kuuza kwa bei ya maskini alipunguza sukari na kujazia jasi. Katika biashara unga huo uliitwa daff, na uliagizwa waziwazi katika maduka ya dawa kama mtu anavyoagiza hamira. Sisi tungesema peremende zilichakachuliwa. Wao waliona ni ufundi. Mlaji alipata utamu, mnanaa ukamkuna ulimi, bei haikumuumiza, na jasi kidogo tumboni haikuwa imemuua mtu.

Si kwamba hawakuonywa. Mwaka 1820 mkemia mzaliwa wa Ujerumani, Friedrich Accum, alichapisha London kitabu kuhusu uchakachuaji wa vyakula, na jalada lake likabeba maneno ya Biblia, ya wana wa manabii waliolalamikia mauti ndani ya sufuria. Accum alipima, akaeleza mbinu, kisha akafanya kosa la kijasiri: aliwataja wafanyabiashara kwa majina. Kitabu kiliuzwa haraka. Haikuchukua muda, Accum akashtakiwa kwa kuchana kurasa za vitabu katika maktaba ya Royal Institution, akakimbilia Berlin, na maadui zake wakapumua. Ilichukua miaka thelathini kabla ya mwingine kuthubutu. Kati ya 1851 na 1854, daktari Arthur Hill Hassall alizunguka London akinunua bidhaa na kuzichungulia kwa hadubini. Jarida la madaktari la The Lancet, chini ya Thomas Wakley, likachapisha matokeo pamoja na majina na anwani za maduka. Kahawa ilikuwa na mizizi iliyokaangwa. Mikate ilikuwa na shabu. Pipi za watoto ndizo zilizokuwa mbaya kuliko vyote: njano yake ilitokana na madini ya risasi, nyekundu yake na risasi au zebaki, kijani yake mara nyingine na shaba iliyochanganywa na aseniki. Bunge likaunda kamati mwaka 1855, ikasikiliza mashahidi, ikatoa ripoti. Halafu kimya. Waliopinga sheria walisema biashara huru itajisafisha yenyewe, na kwamba mnunuzi ana macho.

Bradford, wakati huo, ulikuwa mji usiokuwa na nafasi ya kuchagua. Mwanzoni mwa karne ulikuwa mji mdogo wa sufu. Kufikia sensa ya 1851 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000, wengi wao wamebanana katika vyumba vya chini na vichochoro vyenye moshi. Mwaka 1849 kipindupindu kilipita na kuzoa mamia. Watoto walikufa kwa wingi kiasi kwamba kifo cha ghafla cha mtoto hakikuhitaji maelezo marefu.

Hardaker alinunua peremende zake kwa Joseph Neal, aliyezitengeneza katika mtaa wa Stone Street. Hazikuwa zile pipi za milia za kuvutwa. Zilikuwa vidonge vya sukari iliyosagwa, gundi na mafuta ya mnanaa. Katika wiki za mwisho za Oktoba Neal aliishiwa daff, akamtuma mpangaji wake, James Archer, aende Shipley, mwendo wa kilomita kama tano, kwenye duka la dawa la Charles Hodgson. Siku hiyo Hodgson alikuwa mgonjwa. Dukani alikuwepo msaidizi wake kijana, William Goddard. Goddard alipanda kumuuliza bwana wake daff iko wapi. Akaambiwa iko kwenye pipa, kwenye kona ya dari.

Kwenye dari hiyo kulikuwa na pipa zaidi ya moja. Goddard akapima ratili 12 za unga mweupe, Archer akazibeba hadi Bradford, na hakuna kati yao aliyejua kwamba kilichopimwa ni aseniki.

Aseniki nyeupe haikuwa kitu cha ajabu kukikuta dukani. Ilitumika kuua panya, kuogeshea kondoo, kutengenezea rangi na vioo. Ilitumika pia kuua waume na mashangazi wenye mali, kwa kuwa haina harufu, karibu haina ladha, na machoni haitofautiki na unga wa ngano au sukari ya kusaga. Ndiyo maana Bunge lilipitisha sheria ya aseniki mwaka 1851. Muuzaji alitakiwa kuandika kitabuni jina la mnunuzi na matumizi anayokusudia, na katika mauzo madogo ya rejareja sumu hiyo ilipaswa ichanganywe na masizi au nili ili rangi yake iitambulishe. Sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mnunuzi mwenye nia mbaya. Duka ambalo jasi na sumu vimekaa dari moja, na muuzaji mwenyewe hajui anauza nini, halikuwa limewapitia akilini walioiandika.

Kazi ya kuchanganya aliifanya James Appleton, fundi mzoefu wa Neal. Aliona mchanganyiko hauna sura ya siku zote. Siku zilizofuata alitapika na mikono ikamuuma, wala hakuunganisha mambo hayo mawili. Peremende zilipokamilika, ratili 40 zilipelekwa kwa Hardaker. Naye akaona kasoro: rangi si ile. Alichofanya ni kile ambacho mchuuzi yeyote angefanya. Alimwambia Neal mzigo huu una walakini, akapunguziwa bei. Akaonja moja, akaanza kuumwa. Jioni akaenda sokoni.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninaposoma habari hii. Watu wawili wa fani, mmoja fundi na mwingine mchuuzi, macho yao yaliwaambia kwamba kuna jambo. Hawakupuuza walichokiona, walikitafsiri. Katika biashara ambayo kila mzigo una kitu kisichopaswa kuwemo, peremende yenye sura ngeni ni hoja ya kuombea punguzo tu.

Usiku ule Hardaker aliuza ratili tano. Asubuhi ya Jumapili watoto wawili walikuwa wamekufa, na wazo la kwanza la watu lilikuwa kipindupindu. Kisha wagonjwa wakaongezeka, mtaa huu, mtaa ule, familia ambazo hazikuwa na kisima kimoja wala ukuta mmoja. Kilichowaunganisha kilikuwa karatasi ya peremende. Polisi walipomfikia Hardaker walimkuta hoi kitandani. Kutoka kwake wakafika kwa Neal, na kutoka kwa Neal hadi kwenye pipa la Shipley. Askari wakazunguka mji wakiwaonya watu wasizile. Daktari John Bell alishatambua kwamba dalili ni za aseniki, na mkemia wa mjini, Felix Rimmington, akathibitisha kwa vipimo. Alikadiria kwamba kila peremende ilibeba karibu gramu moja ya sumu. Makadirio mengine ya siku zile yalikuwa ya chini zaidi, lakini hata kwa hayo peremende moja ilitosha kuua watu wawili. Waliokufa walikuwa wapatao 20. Zaidi ya 200 waliugua vibaya. Ratili nyingine 35 hazikuuzwa usiku ule.

Jumatatu, tarehe 1 Novemba, Goddard alisimamishwa mbele ya mahakimu wa Bradford. Hodgson na Neal walifuata. Wote watatu wakakabiliwa na shtaka la kuua bila kukusudia. Kesi ilipofika York, tarehe 21 Desemba, mashtaka dhidi ya Goddard na Neal yalikuwa yameondolewa, na Hodgson akaachiwa huru. Uamuzi huo uliwakasirisha wengi, nami ninaelewa hasira yao, lakini mtu akiipitia sheria ya wakati ule haoni ni wapi pa kuwashika. Kutia jasi kwenye chakula cha watoto hakukuwa kosa la jinai. Kuhifadhi sumu kwenye dari bila maandishi ya kueleweka, vilevile. Goddard alifuata maelekezo. Neal aliagiza kile alichokuwa akiagiza siku zote. Kosa lililoua lilikuwa bahati mbaya ya dakika chache, na udanganyifu ulioiandalia njia ulikuwa halali.

Jarida la vichekesho la Punch ndilo lililosema bila kumung'unya. Mwezi ule wa Novemba, kabla ya kesi, mchoraji wake, John Leech, alichora kiunzi cha mifupa kikitwanga peremende, kimezungukwa na mapipa ya aseniki na plasta.

Bunge lililokuwa limelala likaamka nusu. Sheria ya uchakachuaji wa vyakula na vinywaji ilipitishwa mwaka 1860, ya kwanza ya aina yake kwa nchi nzima. Iliziruhusu mamlaka za miji kuajiri wapimaji. Haikuzilazimisha, na nyingi zikaona gharama ni kubwa. Mwaka 1868 ikaja sheria ya maduka ya dawa, iliyoorodhesha sumu kwa majina, ikadai chombo chake kiandikwe neno la sumu, na kuikabidhi kazi ya kuuza kwa watu waliosajiliwa. Kijana asiyejua daff ina sura gani hangeweza tena, kisheria, kupima ratili 12 za chochote alichokikuta kwenye kona. Sheria za vyakula za mwaka 1872 na hasa 1875 ziliziba mianya ya ile ya kwanza: sasa kuuza kitu kisicho kile mnunuzi alichoomba lilikuwa kosa lenyewe, hata kama hakuna aliyeugua.

Wakati huo peremende za Kiingereza zilikuwa zimeshaanza kubadilika kwa sababu isiyo ya kisheria hata kidogo. Ushuru wa sukari ulipunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 1874 serikali ikaufuta kabisa. Sukari ikashuka bei mpaka mwenye kiwanda akipiga hesabu za ratili, usafiri na hatari ya kushtakiwa, haoni faida ya kuchanganya. Humbug za sukari tupu zikajaa kwenye chupa za kioo madukani, na unga wa jasi ukabaki kwa mafundi wa kupiga lipu.